Vyumba vya dabodeka kwetu Jambiani, na vitu vya kale vyenye kazi

Nyumba yetu ya Jambiani karibu mwaka mzima imetulia, halafu ikifika Idd, au Julai ule wakati watu wanateremka Makunduchi kwenye sherehe za Mwaka Kogwa, inafurika. Wanatoka mjini, wanatoka Dar na boti ya asubuhi, wengine wanatoka Muscat, na kila mmoja na wanawe, na watoto hawataki kulala na wazee wao, wanataka kulala pamoja wapige soga mpaka usiku wa manane. Zamani tulikuwa tunawatandikia magodoro ukumbini na mambo yanakwenda, ila mchanga, sisimizi, na kila anayekwenda chooni usiku anamkanyaga mwenziwe mguu. Basi tukaamua vile vyumba viwili vya uani tuvigeuze viwe vya dabodeka, kitanda juu ya kitanda, kimoja cha wasichana kimoja cha wavulana, na miezi ambayo familia haiji tunakodisha kwa wageni.

Nimeulizwa sana nimevipamba vipi kwa hiyo leo nakaa nieleze yote, na nitakuwa mrefu maana hili jambo nalipenda kweli.

Nianze na msimamo wangu. Nyumba nyingi za mapumziko pwani huku zimepambwa kwa vitu vilivyonunuliwa siku moja duka moja: ukuta mweupe, kasia limetundikwa, vikapu vitatu, kibao kimeandikwa karibu, basi. Si vibaya, ila hakuna kitu pale kilichowahi kutumika na mtu. Mimi nilitaka mgeni akiingia aone chumba cha nyumba ya Kizanzibari, na nikajiwekea sharti moja gumu, kitu cha kale hakiingii chumbani mpaka kiwe na kazi ya kufanya mle ndani. Kama ni taa iwake, kama ni sanduku litiwe nguo, kama ni kanga izibe mwanga. Kitu cha kukaa tu kishike vumbi kinarudi stoo, hata kiwe kizuri namna gani. Chumba cha watu wanne hakina nafasi ya mapambo matupu, na isitoshe kitu kinachotumika kila siku kinapanguswa, kinaguswa, kinaishi.

Watu wanadhani dabodeka ni mambo ya mabweni ya skuli na kambi za jeshi, chuma tupu, kinalia ukijigeuza. Mimi nakiona kiko karibu sana na samadari. Mliokulia mjini mnakijua kile kitanda, matendegu ya kukereza, juu kina besera, ile dari yake ya kitambaa, kwenye kitakizo, ule ubao wa kichwani na miguuni, kuna vioo vimechorwa maua kwa nyuma, na kimeinuka mpaka mtu anataka kipandio ili afike juu. Bibi Salme binti wa Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, yule aliyezaliwa Mtoni 1844, alipoeleza maisha ya kwao alisema vitanda vile vilikuwa juu kiasi kwamba chini yake alikuwa akilala yaya wa mtoto au anayemuuguza mgonjwa. Yaani mmoja juu mmoja chini, kitanda kile kile. Na tusisahau kwamba wengi wa waliokuwa wakilala pale chini walikuwa watumwa, hilo lisemwe. Mimi nimechukua ule urefu na zile nakshi, ila wa chini kwangu analala pazuri sawasawa na wa juu, ana taa yake, ana pazia lake, ana pahala pake pa kuweka miwani.

Sasa kazi yenyewe. Stoo kwa bibi mzaa mama kulikuwa na samadari lililovunjika, mifumbati, zile mbao za ubavuni, imeliwa na dumuzi haifai tena hata kuni, lakini zile nguzo za besera zilikuwa nzima. Fundi wetu wa hapa Jambiani alitaka kuzifanya ziwe ndiyo nguzo za dabodeka nikamkatalia, kwa sababu nguzo za besera zilichongwa kushika kitambaa na chandarua, hazikuchongwa kushika watu wawili waliopandiana. Tukakubaliana hivi: nguzo zinazobeba uzito ni msaji mpya, mnene, na zile za zamani zinakaa kwa mbele zimeshikizwa na ndiyo zinabeba fimbo za pazia. Kwa hivyo jicho linaona samadari na mwili unalala juu ya mbao mpya. Huo ndio ushauri wangu kwa kila anayetaka kufanya hivi, kitu cha kale kisibebeshwe roho ya mtu.

Na kwa kuwa nimeingia kwenye usalama niumalize hapa hapa. Kitanda cha juu ni cha watoto waliokwishafika miaka 6 na kuendelea, chini ya hapo alale chini hata alie vipi. Ukingo wa juu uzunguke pande zote pamoja na upande wa ukutani, na ukingo wenyewe uwe umepanda si chini ya inchi 5 kutoka usawa wa juu wa godoro, na hapa ndipo mafundi wanapokosea maana wanapima kutoka kwenye chaga, zile mbao zinazobeba godoro, wanasahau godoro lenyewe. Kama godoro lako ni la inchi 6 basi ukingo uwe inchi 11 au 12 juu ya chaga, na akija mtu akakubadilishia godoro akaweka la inchi 8 ukingo wako wote umeshapungua. Nafasi baina ya mbao na mbao isizidi inchi 3 na nusu, kichwa cha mtoto kisije kikapita. Na nguzo na ukingo visiwe na vichwa vya nakshi vilivyochomoza juu vya kunasa nguo, mtoto akiteremka shati likanasa ni hatari. Nakshi zote nimeziweka kwenye vitakizo, zimelala bapa.

Ngazi nayo ina habari yake. Vipandio vya mbao vinateleza, khasa watoto wakitoka baharini na miguu ina maji na mafuta ya nazi. Nikaviviringisha kamba za makumbi. Kamba hizi zinafanywa na kina mama wa huku huku pwani, makumbi ya nazi yanazikwa kwenye mchanga ufukweni pale maji yanapojaa na kupwa, yanakaa miezi mpaka yanalainika, halafu yanafukuliwa, yanapigwa kwa gongo mpaka yanabaki nyuzi, yananikwa, na baadae yanasokotwa kwa mkono juu ya paja. Ukiishika mpya inachoma kidogo, kwa hivyo tuliisugua kwa kitambaa kigumu mpaka vinyweleo vikapungua, ikafungwa mshikamano, kila mzunguko umebanana na mwenziwe, na mwisho wake umefichwa chini ya kipandio. Mguu haukimbii kabisa. Na ile rangi yake ya kahawia ikikaa karibu na msaji inapendeza mpaka mtu anadhani niliipanga, kumbe shida yangu ilikuwa miguu ya watoto.

Kuta. Chumba kimoja ni cha ile nyumba ya asili ya babu, mawe na chokaa, ukuta unakaribia nusu mita unene, na dari yake ina boriti za mkandaa. Chumba chenyewe ni chembamba na kirefu kama vyumba vyote vya zamani, kwa sababu upana ulikuwa unafuata urefu wa boriti na boriti haipatikani ndefu kupita kiasi, kwa hiyo watu walikuwa wanajenga chumba cha karibu mita tatu upana, urefu ndio unaurefusha upendavyo. Kwa dabodeka chumba kama hicho ni raha tupu, moja kila upande wa mwisho wa chumba, kati kati panabaki wazi panatandikwa mkeka. Chumba cha pili ni cha matofali, kilijengwa juzi juzi tu, mraba, na kusema kweli kilinipa tabu zaidi kukipa roho.

Kwenye ukuta wa mawe nilimwambia fundi anichimbulie vidaka. Vidaka vya asili vilikuwa ukumbini, vinawekwa vyombo vya kaure, misahafu, mrashi, na mimi nikataka kila kitanda kiwe na kidaka chake, juu na chini, usawa wa mkono wa mtu aliyelala. Kinaingia ndani ya ukuta kama kiganja kimoja na nusu, juu kimepinda kama mlango wa msikiti, chini kimesakafiwa kwa chokaa laini. Anaweka simu, miwani, chupa ya maji, hereni. Hakuna haja ya kimeza, na mtu wa juu ambaye siku zote kwenye dabodeka hana pa kuweka kitu sasa anapo. Katika yote niliyofanya hiki ndicho nnachokipenda kuliko vyote. Kwenye kile chumba cha matofali ukuta ni mwembamba hauchimbuliki, kwa hivyo tulitengeneza visanduku vya mbao vyenye upinde ule ule vikapigiliwa ukutani, si sawa lakini vinafanya kazi ile ile.

Rangi ya ukuta ni chokaa, nasema chokaa na si rangi ya mafuta. Nyumba ya mawe ya pwani ina unyevu na chumvi ndani ya ukuta wenyewe, ukiupaka rangi ya plastiki au ya mafuta ule unyevu unakosa pa kutokea, baada ya masika moja utaona rangi inavimba inabanduka kama magamba. Chokaa inaacha ukuta upumue. Inaacha unga kidogo ukiiegemea, ndiyo, na kwa hivyo usawa wa vitanda nimetundika mikeka ya Pemba ukutani kutoka godoro mpaka futi mbili juu, ile mikeka mizuri ya ukili mwembamba wenye rangi za zambarau na kijani, mtu akiegemea anaegemea mkeka. Kila masika ikiisha tunapiga mkono mmoja wa chokaa na tunatia buluu kidogo ya kufulia, kama alivyokuwa akifanya mama, nyeupe yake inatulia haiumizi macho jua la saa sita.

Haya mapazia. Hapa ntakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanaponiuliza. Kila kitanda kina pazia lake la kanga, ukilivuta uko chumbani kwako peke yako, na wasichana wakubwa wanalithamini hilo kuliko kitu chengine chochote. Ukipima utaona kanga ni kama imekatwa kwa ajili ya dabodeka. Upande mmoja wa kanga una kama sentimita 150 kwa 110. Nafasi baina ya kitanda cha chini na cha juu kwetu ni kama mita moja, kwa hivyo ule urefu wa 110 unashuka vizuri na unabaki wa kukunja upindo. Kitanda cha futi 6 ni kama sentimita 183, na doti moja, pande zake mbili ukizipanga pamoja unapata mita tatu, kwa hivyo pazia linakuwa na mikunjo ya kutosha halikazi, na pale kati kati zinapokutana ndipo mtu anapoingilia. Doti moja kitanda kimoja, hakuna kukata. Sikati kanga mimi, pindo na mji wa kati kati na jina, yale maneno yaliyoandikwa, vikae pale vilipowekwa. Nimeshona mkanda tu kwa juu wa kupitishia fimbo, na siku nikitaka nafumua mkanda kanga inarudi kuwa kanga.

Za bibi zilizokwishafuliwa miaka na miaka ndizo nzuri kuliko mpya, zimelainika, mwanga wa asubuhi unapita kidogo unaleta rangi kitandani. Mpya ina wanga, inasimama kama karatasi, ifue kwanza mara kadhaa tena peke yake maana nyekundu inatoka rangi. Chumba cha wasichana nimeweka kisutu, ile nyekundu nyeusi na nyeupe ya maharusi, na cha wavulana nimeweka za buluu na za rangi ya korosho. Na soma jina kabla ya kutundika jamani! Jina litakaa mbele ya uso wa mgeni usiku kucha, sasa ukimtundikia kijembe cha mke mwenza au lile la mgeni siku mbili siku ya tatu mpe jembe, atafahamu vipi? Mimi nimechagua za dua na za mapenzi ya mama, na wageni wa nje wanaouliza maana yake tunawasomea, wengine wanakwenda Darajani wenyewe kutafuta.

Taa. Mnaikumbuka ile Disemba ya 2009 umeme ulivyokatika kisiwa kizima mpaka Machi 2010, kila nyumba ilitoa kandili stoo ikapangusa chimni. Za kwetu zilibaki nyingi. Nimezipeleka kwa fundi umeme, akatoa utambi na tangi la mafuta likawa ndiyo pahala pa kupitishia waya, ndani kuna balbu ndogo ya LED ya mwanga wa manjano, na kila kitanda kina yake imening'inizwa kwenye ndoano upande wa kichwa. LED ni lazima, zile balbu za zamani zinachemka na hapo kuna pazia la kitambaa karibu. Na katu usiweke kandili la mafuta au mshumaa kwenye chumba cha dabodeka, hata kwa picha, kitambaa kiko kila upande na mtu wa juu ana njia moja tu ya kuteremkia. Umeme ukikatika kuna tochi ya kuchaji kwenye kila kidaka. Swichi ni ile ile ya kawaida, ila kila mtu anazima yake bila kumsumbua mwenziwe, na hilo kwenye chumba cha watu wanne ni adabu.

Feni nusura itutoe roho. Feni ya dari na kitanda cha juu havikai pamoja, mtoto akisimama kitandani akinyoosha mkono panga liko pale pale. Tukaitoa, tukaweka feni za ukutani, ndogo, moja kila dabodeka, zinapuliza kwa urefu wa chumba. Za rangi ya krimu, si za kale ila hazigombani na vyengine. Vyandarua navyo, cha juu kinatundikwa kwenye boriti kwa pembe nne, cha chini kinapita ndani ya pazia kwenye waya wake na kinachomekwa chini ya godoro, mchana vyote vinakunjwa.

Chini ya vitanda nimeweka masanduku ya bati. Watu wanahangaika na makasha ya shaba, yale ya mbao yaliyopigiliwa shaba, na hili liko nyumbani limetupwa, sanduku la bati la skuli au la bi harusi, limechorwa maua na ndege kwa rangi ya mafuta. Kila kitanda sanduku moja, tumeweka vigurudumu chini, mtu anavuta anatia nguo zake anasukuma. Yanapata kutu kwenye pembe kwa upepo wa bahari, kila kusi ikiingia napitisha kitambaa chenye mafuta kidogo na ndani natandika kipande cha mkeka. Na karafuu, kimfuko kidogo cha karafuu kavu kutoka Pemba ndani ya kila sanduku, hakuna nondo na mgeni akifungua tu harufu ile inampokea.

Kasha la shaba nnalo moja, liko kati kati ya kile chumba kirefu, linafanya kazi ya kuweka mashuka na mablanketi na juu yake watoto wanacheza bao. Tulitoa kufuli lote, na bawaba zimewekwa kishikizo ili kifuniko kisianguke kwa kishindo wala mtoto asijifungie ndani akakosa pumzi. Kama unanunua kasha mjini na muuzaji anakwambia ni la mwaka elfu moja mia nane na ngapi, fungua droo za chini, geuza, tizama skrubu. Ukiona zina kichwa cha bisibisi ya nyota basi ama kasha si la wakati huo ama limefanyiwa matengenezo karibuni, kwa sababu skrubu za namna hiyo ziliingia sokoni miaka ya 1930. Tizama pia mbao ya ndani ya droo, kasha la kweli limechakaa pale mikono inaposhika na sakafu ya droo ina njia za kusuguana, la kuchakazwa kwa makusudi limechakaa kila pahala sawasawa. Mimi sina ubaya na kasha jipya, mafundi wetu wanafanya kazi nzuri na ni riziki yao, ila lipewe bei ya kasha jipya.

Kuna vitu sinunui kabisa. Mlango wa nakshi au fremu yake uliong'olewa kwenye nyumba ya Mji Mkongwe, sinunui hata nikipewa kwa bei ya kutupa. Mji ule umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na sote tuliona jumba la Beit al-Ajaib la Sayyid Barghash lilivyoporomoka upande Disemba 2020, tukiwa tunang'oa na milango tutabakiwa na nini. Ukitaka nakshi kwenye kitakizo mpe fundi wa nakshi achonge mpya. Magamba ya kasa sitii ndani, na pembe ndovu vilevile.

Kabla kitu cha zamani hakijaingia chumba cha wageni kinakaa uwani kwangu kwanza. Mbao natizama unga chini yake, ukiona unga mpya kila asubuhi dumuzi yumo na yuko kazini, inapigwa dawa ya mbao kwenye vitundu kwa sindano na inakaa jua kali. Kitanda na kiti cha kamba natafuta kunguni kwenye mikunjo na viungo vya matendegu, bibi zetu walikuwa wanamwagia maji ya moto yanayochemka na bado ni dawa, ila kwa chumba cha kukodisha mimi nafumua kamba zote naweka mpya. Mto na godoro la mtumba haviingii kabisa, hapo sina mjadala. Na fanicha yenye rangi ya zamani inayobanduka usiisugue msasa mkavu, rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi na lile vumbi lake ni sumu kwa watoto, ama ifunike kwa rangi mpya ama iache isiingie chumba cha watoto.

Picha ukutani ni za familia. Babu kwenye jahazi, shangazi na wenziwe wamevaa gauni za harusi, mama na darasa lake la skuli. Nimeweka nakala tu, asili ziko mjini ndani ya kabati kavu maana hewa ya pwani inazila, zinatoa madoa ya kahawia mwaka haujaisha. Mkikosa za kwenu kuna Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, studio ya tangu 1930, wanazo picha za zamani za Unguja na ni halali yako kuzinunua. Mbele nimeweka plastiki ngumu badala ya kioo, ziko juu ya vitanda. Na kazi yake? Ndiyo najua nimesema kila kitu kiwe na kazi. Watoto wa Muscat hawakuwahi kumuona babu. Wamelala pale chini yake wanauliza huyu nani, na mkubwa wao anawaeleza, hiyo ndiyo kazi yake.

Harufu nayo, kwa sababu chumba kilichofungwa miezi kina harufu ya ukungu hata ukipambe vipi. Siku moja kabla ya wageni tunafungua madirisha yote tangu alfajiri, magodoro yanakwenda juani, halafu mashuka na foronya tunafukiza udi nje barazani, yametandazwa juu ya tenga na chetezo chini, mtu amesimama hapo hapo mpaka moto uzimwe. Chetezo hakiingii chumbani na makaa. Usiku wa kwanza kila mto unawekewa kikuba cha asumini na rehani, wavulana wanakitupa na wasichana wanakiweka nyweleni, kila mtu na lake.

Kilichobaki sasa ni vitakizo vya kile chumba cha matofali, viko vitupu na vinaniuma. Nataka vile vioo vya samadari vilivyochorwa kwa nyuma, ndege na maua, vinne vya ukubwa mmoja au hata vinavyokaribiana, nivitie ndani ya mbao upande wa miguuni ambako mtoto hafiki kwa kichwa, na nyuma yake nibandike filamu ya plastiki kikivunjika kisitawanyike. Nimezunguka mitaa ya Gizenga na Hurumzi pale Mji Mkongwe nimepata kimoja kina ufa. Kama kuna mtu Pemba, Wete au Chake, ana samadari la bibi lililovunjika na vioo vyake ni vizima, vya zamani au hata kama kuna fundi anayevichora vipya kwa mkono, aniambie, nitakuja na boti mwenyewe kuvichukua.